Kauli ya Kutendua na Kasoro ya Neno «Sanidua»

Wafasiri wa programu za kompyuta wametuletea kitenzi sanidua, kinyume cha sanidi, na leo twakikuta hata katika simu za mkononi. Kwa umbo, hakina dosari. Kiambishi cha kutendua ni chetu tangu zamani: funga huzaa fungua, ziba huzaa zibua, tega huzaa tegua. Hoja yetu ni ya maana. Kauli hii humwahidi msikilizaji kwamba hali itarudi kama ilivyokuwa kabla ya tendo; kamba iliyofunguliwa haina fundo tena.

Je, kompyuta hutimiza ahadi hiyo? Tuchukue Audacity, programu ya kurekodi na kuhariri sauti iliyotolewa mwaka 2000, ambayo huwafaa sana wanafunzi wa fonetiki. Katika mfumo wa Debian mtu huandika «apt-get install audacity», nayo programu huingia pamoja na vifurushi vingine inavyovitegemea. Kwa kuiondoa, kuna amri mbili. «Remove» huitoa programu yenyewe, lakini huacha mafaili ya usanidi wa mfumo, kama yapo. «Purge» huyafuta na hayo. Wala moja haigusi mapendeleo yaliyohifadhiwa katika folda ya mtumiaji.

Jambo hili si dogo. Mwanafunzi wetu mmoja alirekodi hadithi za wazee akiwa ameacha kipimo cha sampuli 8000 kwa sekunde. Kwa kipimo hicho, mawimbi yanayozidi hertzi 4000 hayahifadhiwi, na huko ndiko iliko sehemu kubwa ya nguvu ya kikwaruzo /s/. Alipoona sauti hafifu, aliishuku programu, akaisanidua (ndivyo alivyosema), akaiweka upya. Kipimo kilikuwa kinamngoja pale pale. Jioni mbili za simulizi zikapotea kwa uchambuzi wa vikwaruzo, na msimulizi mmoja hakuwa tayari kurudia.

Hatusemi kwamba neno peke yake lilimponza. Lakini lilimpa imani isiyo na msingi. Sisi twapendekeza ondoa kwa «remove». Ni kweli kwamba nalo lina mwisho wa -oa, ila mzizi wake umeganda, na hakuna asikiaye ndani yake ahadi ya kurudisha hali ya kwanza. Kwa «purge», fagia lingefaa: afagiaye ukumbi si lazima aingie vyumbani. Hapa Lubumbashi wanafunzi husema tosha, kwa maana ya kutoa. Tungelipokea kwa furaha, lau msomaji wa Dar es Salaam asingelielewa kuwa programu imetosheleza haja.

Kuhusu folda ya mtumiaji, mwanafunzi yule alilazimika kuifuta kwa mkono, kwa amri nyingine kabisa, «rm», na hiyo yaitwa futa bila ubishi.