Akiba ya Pindo

Wiki ya mwisho kabla ya shule kufunguliwa Januari, Soko la Uhuru pale kando ya Barabara ya Jogoo, Nairobi, halipitiki. Mafundi wake wanajulikana kwa sare za shule, na mzazi mwenye haraka huingia na mtoto akatoka na rinda, kaptura na sweta ndani ya mfuko mmoja. Kazi yao naiheshimu. Ila hapa nataka kuisifu cherehani nyingine, ile isiyo na kibanda wala bango: iliyo sebuleni Maringo, Jericho, Mbotela au Kaloleni, inayoanza kulia usiku vyombo vikishaoshwa, na ambayo mwenyewe anamshonea mtu anayemjua hadi bega lipi limeshuka kuliko lenzake.

Mama yangu alikuwa nayo, Singer nyeusi ya kukanyaga. Rinda la shule la dada yangu alilikata refu kupita kiasi, kisha urefu ule wote akaukunjia ndani: pindo la inchi 4, lililoshikwa kwa mshono wa mkono usioonekana nje. Kila mwaka ulipoanza alilifumua, akalishusha kadiri dada alivyorefuka, akaweka kitambaa chenye maji juu ya mkunjo na kukikandamiza kwa pasi ya makaa mpaka mvuke ukatoka. Mkunjo ulilainika, lakini alama haikutoka. Juu yake buluu ilikuwa imechujuka kwa jua na sabuni ya kipande. Chini yake ikatokea buluu mbichi, ya siku ile kitambaa kilipotoka dukani. Mwaka uliofuata ukaongezeka mstari wa pili. Dada alipofika darasa la nne, miaka yake ilikuwa inasomeka kwenye sketi. Kuna watoto walioona haya kuvaa mistari hiyo. Mimi nililirithi rinda lile, likakunjwa lote upya, na sasa naamini sijawahi kuonyeshwa upendo kwa hesabu safi kuliko ile. Mtu aliketi na kitambaa mezani, akamwona mtoto wa miaka saba, papo hapo akamwona na wa miaka kumi, akawashonea wote wawili.

Kiwanda hakiwezi kufanya hivyo. Pindo la nguo ya dukani ni jembamba kwa sababu inchi moja ya ziada, ikizidishwa kwa maelfu ya nguo, ni hasara. Nyumbani inchi hiyo ni akiba, na ukijua pa kutafuta utaikuta imefichwa kila mahali: ubavuni mwa blauzi ya msichana anayekua, nyuma ya kiuno cha suruali ya baba, kwenye mikono ya koti la kanisani. Anayeshonea watu wake hushona akijua kwamba watanenepa, watakonda, watazaa, watazeeka. Kitambaa kilichobaki ndani ya mshono kinawasubiri.

Mitaa niliyoitaja mwanzoni ilijengwa kati ya miaka ya 1940 na mwanzo wa miaka ya 1960 kwa ajili ya wafanyakazi, na nyumba nyingi zilikuwa za chumba kimoja au viwili. Ndani ya nafasi hiyo kila chombo kilipaswa kufanya kazi mbili. Cherehani ya meza, kichwa chake kikilazwa ndani, ilifunikwa kwa ubao na juu ya ubao kikatandikwa kitambaa cha krosheti. Hapo tulifanyia kazi za shule, hapo mgeni aliwekewa chai. Usiku ubao uliinuliwa. Ujuzi wenyewe uliingia mitaani kwa njia nyingi: kwa mafundi waliofunza ndugu zao, kwa shule za misheni, kwa vilabu vya akina mama kwenye kumbi za mitaa. Maendeleo ya Wanawake, jumuiya ya akina mama, ilianzishwa mwaka 1952, na kushona kulikuwa kati ya masomo yake ya mwanzo. Serikali ya kikoloni iliyoisimamia ilitaka wake watulivu wenye nyumba nadhifu, tena wakati wa Hali ya Hatari. Wanawake waliichukua sindano na kuielekeza walikotaka wao. Sindano ilivalisha watoto, ikalipa karo, ikampa mwanamke shilingi ya sukari asiyoiomba kwa mtu. Kwa maoni yangu hiyo ni sehemu ya historia ya uhuru wa nchi hii, na inastahili kuandikwa pamoja na zile nyingine.

Tukitazame na chombo. Isaac Singer alipata hataza ya cherehani yake Marekani mwaka 1851, na miaka michache baadaye kampuni yake ikaanza kuuza kwa malipo ya polepole. Ni utaratibu huo, pamoja na chuma chenyewe, uliofikisha cherehani kwa watu wasio na pesa za mkupuo. Hapa Makadara, ilipo mitaa hii, vyama vya akina mama viliendelea na mtindo uo huo: michango inazunguka, mwezi huu cherehani inakwenda kwa huyu, mwezi ujao kwa yule. Baadaye zikaja Butterfly kutoka Shanghai, za bei nafuu, zenye umbo lile lile. Ndani, kazi ni ya ajabu kwa jinsi ilivyo rahisi. Sindano inashuka na uzi wa juu, ndoano iliyo chini inaunasa na kuuzungusha kwenye uzi wa bobini, nyuzi mbili zinakumbatiana na kujificha katikati ya unene wa kitambaa. Uzi wa juu ukikazwa mno, ule wa chini huvutwa juu na vidoti vinatokea kwenye mshono. Aliyezoea haangalii vidoti. Anasikia sauti ikibadilika, mguu unasimama, vidole vinalegeza skrubu robo mzunguko. Na stima ikipotea, cherehani ya kukanyaga haina habari. Washa taa, endelea.

Kama kuna mahali pa kumpima anayeshona, ni kwenye mkono wa nguo. Bega la binadamu ni mviringo na kitambaa ni bapa, kwa hiyo kichwa cha mkono hukatwa kirefu kuliko tundu litakaloupokea. Ile ziada lazima iingie yote, na isionekane. Unapitisha mishono miwili mirefu karibu na ukingo, unazivuta nyuzi taratibu mpaka kitambaa kikajikusanya, kisha unasambaza ule wingi kwa vidole, kidogo kidogo, zaidi juu ya bega, kwapani hakuna kabisa. Unabana kwa pini: ncha ya bega kwanza, kwapa pili, halafu katikati. Unashona upande wa mkono ukiwa juu, ili uone kila kikunjo kabla sindano haijakifikia. Kikunjo kimoja kikiingia, unafumua. Ukimaliza, mvalishe mwenyewe na umwambie ainue mkono, namna anavyoshika chuma cha matatu akiwa amesimama. Rinda likibaki mahali pake, kazi imekwisha. Rinda zima likipanda na mkono, rudi mezani. Sijui kipimo cha haki kuliko hicho, na tangu nilipofundishwa nimekuwa nikitazama mabega ya abiria wenzangu kila asubuhi kwenye Barabara ya Jogoo.

Kuhusu bei, tusidanganyane. Blauzi ya mitumba pale soko la Gikomba yaweza kugharimu chini ya kitambaa cha kushonea blauzi kama hiyo. Soko lilipofunguliwa miaka ya 1990 nguo kuukuu zilimiminika, na viwanda vya nguo vikaanguka: Kicomi ya Kisumu ikafungwa, Rivatex ya Eldoret ikafilisika mpaka Chuo Kikuu cha Moi kilipoinunua mwaka 2007. Kwa hiyo anayesema kushona nyumbani ni kuokoa pesa anasema nusu tu ya ukweli. Lakini wanawake wa Eastlands, upande huu wa mashariki wa jiji, hawakuiangalia mitumba kama nguo peke yake. Waliiona ni kitambaa. Shuka nzito ya pamba iliyolaliwa na watu miaka kadhaa Ulaya imeshafuliwa mpaka haiwezi tena kuruka maji, rangi iliyotaka kutoka imeshatoka. Hakuna kitambaa bora cha kushonea nguo ya mtoto mchanga. Pazia hutoa sketi. Gauni la mtu mnene hutoa marinda mawili ya watoto, na mwenye jicho huyakata kwa namna ambayo pindo la zamani linabaki kuwa pindo na zipu inahamia mahali papya. Kiolezo ni gazeti kuukuu. Chaki ni kipande cha sabuni kilichokwisha mpaka kikawa chembamba. Kinachora mstari mweupe safi na nguo ikifuliwa mstari unakwenda. Vifungo vinavyobaki vinaingia koponi, na kopo hilo hurithiwa.

Wapo pia majirani zetu wanaoshona kutwa kwa ajira, katika viwanda vya Athi River ambavyo kwa miaka mingi vimeuza nguo Marekani chini ya mpango wa AGOA ulioanza mwaka 2000. Kule nguo imegawanywa vipande: mmoja anatia zipu, mwingine anatia mfuko wa nyuma, asubuhi hadi jioni. Anayetia zipu anaijua zipu kuliko nitakavyowahi kuijua mimi. Ila atakayeivaa hatamwona. Ninawaza mara nyingi juu ya wale wanaofika nyumbani migongo ikiuma na bado wakaketi kwenye cherehani yao wenyewe, Jumapili mchana, kumshonea mtoto gauni la ubatizo kuanzia kola hadi pindo. Wangekuwa wamechoshwa na kushona wasingefanya hivyo. Kuna njaa ya kuifanya kazi nzima, mwanzo hadi mwisho, na kumwona mtu ameivaa.

Zawadi niliyoishona kwa uangalifu kuliko zote ilikuwa ya nyanya yangu. Bega lake la kulia lilikuwa limekataa kuinuka, na kila nguo ya kuvaliwa kichwani ilikuwa vita na aibu, maana alilazimika kumwita mjukuu amvalishe. Nilichukua kitenge cha kahawia, nikakifua kwanza kisije kikaruka baadaye, nikamkatia rinda linalofunguka mbele yote, shingoni hadi chini. Vifungo vikubwa, matundu yaliyolegea kidogo, kwapa pana. Mfuko mmoja tu, upande wa kushoto, kwa mkono unaofanya kazi, wenye kina cha kutosha kitambulisho, simu na kitambaa cha mkono. Sidhani kuna duka Nairobi lililokuwa likiuza rinda hilo. Lilikuwa na mteja mmoja duniani. Alilivaa mwenyewe, mlango umefungwa, akatoka amefunga vifungo vyote.

Mahali pengine zawadi ina sura nyingine. Lamu na Mombasa kofia ya viua hudariziwa kwa mkono, tundu baada ya tundu, na kofia moja nzuri huchukua wiki nyingi, hata miezi. Kwetu bara ni vitambaa: seti nzima ya krosheti ya makochi, virefu vya mgongoni, vidogo vya mikononi, duara la meza, iliyofumwa kimya kimya kwenye matatu na kwenye foleni ya kliniki ili siku ya harusi bibi harusi aingie kwenye nyumba iliyokwisha kuvishwa. Vijana wengine wa leo huviona vya kizamani. Mimi nitavitetea. Mtu aliyekutengenezea duara la nyuzi kwa ndoano moja amekupa jioni zake.

Chini ya mfumo wa 8-4-4 ulioanza mwaka 1985, sayansikimu ilimpa kila mtoto sindano, wavulana kwa wasichana, tukajifunza kutia kifungo na kupiga pindo kabla hatujajua tutayahitaji. Masomo ya mikono yalipopunguzwa mapema miaka ya 2000 tulipoteza kitu. Mtaala wa umilisi uliochukua nafasi ya mfumo huo umerudisha sehemu yake, na naona watoto wa mtaani wakiomba uzi kwa majirani kwa ajili ya kazi ya shule. Wapeni uzi. Wapeni na sindano nzuri, isiyo na kutu, maana sindano mbovu imewakatisha tamaa wengi.

Kuna jambo moja ambalo nimeliona kwa karibu kila mwanamke anayeshona hapa, na linaniuma. Nguo ya mwisho kushonwa ni yake. Mama alivalisha nyumba nzima na mwenyewe akavaa kanzu ya nyumbani iliyopauka mabegani, kitenge chake kizuri kikikaa kabatini kimekunjwa, yadi 6 kamili, kikingoja nafasi. Kujishonea kuna utamu wake ambao si wa ubinafsi. Ni hapo tu unapojifunza mwili wako bila kulaumu: kiuno kiko hapa, tumbo limekuja mbele hivi, basi kitambaa kitazunguka hivi. Ni hapo unapojipa mifuko ambayo hakuna muuza nguo za wanawake aliyewahi kukupa. Unachagua ndege wa kitenge watakaa wapi, usiwakate shingo kwenye mshono wa katikati. Basi mwezi huu nimekata changu kwanza, cha kijani, mifuko miwili mirefu inayofika kifundo cha mkono, na mapazia ya dada yangu nimemwambia yatangoja mwezi ujao.