Simu ya Eddie Carbone: Uhamiaji na Usaliti katika Tamthilia ya Arthur Miller

Mtahiniwa aliyesoma Kifo Kisimani cha Kithaka wa Mberia hapati shida kuutambua usaliti. Gege anamgeukia nduguye Mwelusi kwa ahadi ya makuu, na hukumu ya msomaji huja upesi. Katika makala haya tunanuia kuutazama usaliti ambao hukumu yake si nyepesi hivyo, katika A View from the Bridge ya Mmarekani Arthur Miller, iliyoigizwa mara ya kwanza mwaka 1955 na kuandikwa upya 1956. Hatumwombi mwalimu aifunze darasani. Twaamini tu kwamba atakayeisoma atamrudia Gege na maswali mapya.

Ploti yenyewe si changamano. Eddie Carbone ni kuli bandarini, katika mtaa wa Red Hook, Brooklyn, ambako wengi ni Waitaliano. Amemlea Catherine, mtoto wa marehemu dadake mkewe, Beatrice. Binamu wawili wa Beatrice, Marco na Rodolpho, wanaingia kutoka Sicily kwa meli bila vibali, naye anawapa malazi. Catherine anampenda Rodolpho. Eddie, ambaye mapenzi yake kwa msichana huyu yamepita mpaka wa ulezi bila mwenyewe kukiri, anaipigia simu idara ya uhamiaji.

Wengi wataandika kuwa dhamira ni wivu. Wivu upo, lakini hauelezi kwa nini mtaa mzima unamtenga mtu kwa simu moja. Hapo sharti tuigeukie historia. Kati ya 1901 na 1910, zaidi ya Waitaliano milioni 2 waliingia Marekani. Sheria ya 1924 ikaipa kila nchi ya Ulaya mgao wake, na ule wa Italia ukawa chini ya watu 6,000 kwa mwaka. Utaratibu huo haukufutwa hadi ilipopitishwa sheria ya 1965. Hivyo mtu aliyefika kabla ya migao alipita mlangoni mchana kweupe, ilhali mpwa wake aliyekosa nafasi katika mgao huo hakuwa na njia ila kujificha. Mtaa ukaunda sheria yake isiyoandikwa: mgeni hafichuliwi. Lililokuwa kosa mbele ya serikali likawa heshima nyumbani.

Eddie anaijua sheria hiyo vyema. Kabla ya wageni kufika, yeye na Beatrice wanamsimulia Catherine kisa cha Vinny Bolzano, kijana aliyemfichua mjomba wake: babake na ndugu zake watano walimburuta ngazini hadi barabarani, wakamtemea mate. Hiki ndicho kinaya kikuu cha tamthilia. Anayetoa onyo ndiye atakayelivunja.

Tazama pia jinsi uhamiaji unavyowagawa ndugu wawili. Marco ana mke na watoto watatu, mkubwa wao mgonjwa wa kifua. Kila senti ni yao, na nia yake ni kurejea. Rodolpho hana anayemtegemea. Ananunua koti, viatu na santuri, anaimba, anapika, anashona, na anataka kuwa Mmarekani. Eddie, mzaliwa wa huko huko Marekani, ndiye anayekasirika kwamba mgeni hatumi pesa kwao na hafanani na mwanamume anayemjua yeye. Anamdai mgeni uaminifu kwa nchi ambayo yeye mwenyewe hakuwahi kuihama.

Baada ya simu, anagundua kuwa chumba cha juu kina wageni wengine wawili, mmoja wao jamaa ya Lipari muuza nyama. Anababaika, anataka waondolewe upesi. Amechelewa. Wote wanne wanakamatwa, Marco anamtemea mate usoni, Lipari anampa mgongo, na majirani wanaondoka mmoja mmoja. Tangu hapo Eddie hadai Catherine tena, anadai jina lake. Mtu aliyeikana sheria ya mtaa hangejali jina. Eddie bado anaiamini sheria aliyoivunja, na ndiyo maana anaingia barabarani na kisu kumtaka Marco amrudishie heshima mbele ya watu. Je, tunaweza kusema hivyo juu ya Gege?

Kwa maoni yetu, Miller anamtwika Alfieri, wakili na msimulizi, maelezo mengi mno. Beatrice keshayaona yote mapema, na sentensi zake chache zina uzito zaidi. Aidha, wapo wanaoifungia tamthilia hii katika siasa za wakati ule, kwa kuwa mwaka 1956 Miller aliitwa mbele ya kamati ya Bunge la Marekani akakataa kuwataja wenzake. Ulinganisho huo una mashiko, lakini babake Miller alikuwa mhamiaji kutoka Poland, na mate ya Marco hayatoki katika kamati yoyote.

Eddie anakufa mikononi mwa Beatrice kwa kisu chake mwenyewe, mkono wake ukiwa umegeuzwa na Marco. Rodolpho, akimwoa Catherine, ana njia ya kubaki Marekani. Tamthilia inafungwa bila kutuambia ni nani sasa atakayemtumia pesa yule mtoto wa Sicily mwenye kifua.