Saa Ina Mwenyewe: Mechi za Wembley kwenye Ubao wa Mbagala

Jumamosi tarehe 25 Mei 2024, saa kumi kasoro dakika kumi alasiri, nilikuwa nyumbani Wembley, dirisha wazi, kelele za uwanjani zikinifikia, simu ilipoita. Alikuwa mpwa wangu wa Mbagala, Dar es Salaam, mwenye kibandaumiza cha mabenchi sita na runinga moja kubwa.

"Shikamoo mjomba. Mbona mpira umeshafika mapumziko?"

Ilikuwa fainali ya Kombe la FA, Manchester United na Manchester City. Kwenye ubao ulioegeshwa mlangoni mpwa wangu alikuwa ameandika kwa chaki: FAINALI LEO, SAA 12:00 JIONI. Saa hiyo hakuibuni. Ilitoka kwenye ujumbe uliotumwa na programu niliyomwandikia mimi. Mpira ulianza saa kumi na moja. Wateja walipolipa kiingilio na kukaa, Alejandro Garnacho na Kobbie Mainoo walikuwa wameshafunga, na mabao hayo mawili ndiyo yaliyowapa United kombe. Kosa lilikuwa langu, na lilikaa ndani ya tarakimu moja.

Programu yenyewe ni fupi. Imeandikwa kwa Python, inasoma faili la ratiba ya mechi za Wembley, inabadili saa ya London kuwa saa ya nyumbani, kisha inatuma ujumbe wa simu. Mstari wa kubadili saa ulikuwa huu:

    nyumbani = mechi + timedelta(hours=3)

Miezi mitatu kabla, 25 Februari, Chelsea na Liverpool zilikutana hapohapo kwenye fainali ya Kombe la Carabao. Mpira ulianza saa 15:00 za London, programu ikajumlisha tatu, ubao ukaandikwa saa 12:00 jioni, na ikawa kweli. Fainali ya Mei nayo ilianza saa 15:00 za London. Tarakimu zilezile, uwanja uleule, lakini katikati yake, Jumapili ya mwisho ya Machi, Uingereza ilisogeza saa mbele. Tangu siku hiyo hadi Jumapili ya mwisho ya Oktoba, Wembley na Dar hupishana kwa saa mbili, si tatu. Kwetu mchana na usiku karibu vinalingana mwaka mzima, saa haisogezwi, na mtu aliyekulia huko hudhani kwa urahisi kwamba na tofauti haisogei.

Dawa ya kwanza inayomjia mtu ni kuweka sharti: kuanzia Aprili hadi Oktoba jumlisha mbili, miezi mingine tatu. Ingefaa karibu mwaka mzima, ikikosea siku chache za mwisho wa Machi na mwisho wa Oktoba. Nimeikataa, na si kwa ajili ya siku hizo tu. Sharti la namna hiyo linaibeba sheria ya serikali na kuifungia ndani ya programu yangu, nami sina usemi juu ya sheria hiyo. Waingereza walianza kusogeza saa 21 Mei 1916, katikati ya vita, na tangu hapo wamebadili mambo mara nyingi. Mwaka 1968 walisogeza saa mbele mwezi Februari wasiirudishe hadi 31 Oktoba 1971. Tarehe 7 Machi 1970 Manchester City waliifunga West Bromwich Albion mabao 2-1 Wembley kwenye fainali ya Kombe la Ligi. Ukilipatia sharti hilo tarehe hiyo litajumlisha tatu, kwa sababu ni Machi mwanzoni. Jibu sahihi ni mbili.

Kuna ushahidi mwingine wa miaka ile ambao kila mwandishi wa programu anaweza kuujaribu mwenyewe. Kompyuta nyingi huhesabu muda kwa sekunde tangu 1 Januari 1970, saa sita usiku kwa saa ya dunia, yaani UTC. Iulize Python ile sekunde ya sifuri ilikuwa saa ngapi London, nayo itajibu 01:00. Wengi hudhani kompyuta imekosea. Haijakosea: usiku ule watu wa Wembley walikuwa kwenye saa saba, kwa kuwa nchi nzima ilikuwa imesogea na kukaa hukohuko.

Kwa hiyo nilirudi kwenye swali nililopaswa kuanza nalo: hii saa ni ya nani? Saa ina mwenyewe. Saa ya kuanza mpira ni ya Wembley. Waandalizi wametangaza saa tisa alasiri kwa saa ya pale, na serikali ya London ikibadili sheria kesho, mpira bado utaanza saa tisa ya pale, sisi wengine ndio tutakaosogea. Kinachopaswa kuhifadhiwa ni mambo mawili pamoja: saa kama ilivyotangazwa, na jina la mahali inakotoka. Namba ya tofauti isihifadhiwe popote, itafutwe dakika ya mwisho.

    WEMBLEY = ZoneInfo("Europe/London")
    NYUMBANI = ZoneInfo("Africa/Dar_es_Salaam")
    mechi = datetime(2024, 5, 25, 15, 0, tzinfo=WEMBLEY)
    nyumbani = mechi.astimezone(NYUMBANI)

Majina hayo mawili yanatoka kwenye hifadhidata ya kanda za saa inayotunzwa chini ya IANA, daftari la mabadiliko ya saa ya ulimwengu mzima, na tangu toleo la 3.9 la Oktoba 2020 Python inaisoma yenyewe kwa moduli ya zoneinfo. Nchi ikibadili kanuni, unasasisha daftari tu. Mstari wa programu hauguswi na mtu.

Daftari hilo ni tamu kulisoma kwa mtu anayependa historia yetu. Nairobi leo iko saa tatu mbele ya UTC, lakini haikuwa hivyo siku zote. Imepitia saa mbili na nusu, ikapitia saa mbili na dakika arobaini na tano, ikatulia kwenye tatu mwaka 1942. Mfalme George wa Tano alipofungua Maonyesho ya Dola ya Uingereza hapa Wembley, 23 Aprili 1924, London ilikuwa imeshasogeza saa mbele na Nairobi ilikuwa kwenye saa mbili na nusu, hivyo walipishana kwa saa moja na nusu. Niliipa programu mpya tarehe hiyo nikapata dakika tisini kamili, nikafurahi. Ila usiulize hivyohivyo kwa Dar. Katika toleo la kawaida la daftari, Dar es Salaam na Kampala ni vielekezi tu vinavyopeleka kwa Nairobi, kwa kuwa miji hiyo imekuwa na saa moja tangu 1970, na watunzaji huchukua mwaka huo kama mpaka wao. Kabla yake Tanganyika ilikuwa na mwenendo wake, na programu itakupa ya Nairobi bila kukuonya. Kwa ratiba ya mpira haina madhara. Kwa mtafiti wa nyaraka za zamani, ina madhara makubwa.

Historia hiyohiyo ndiyo inayowanasa watu wanaotumia pytz, maktaba iliyotumika miaka mingi kabla ya zoneinfo. Ukibandika kanda ya pytz moja kwa moja ndani ya datetime, kama nilivyofanya hapo juu, inachukua mstari wa kwanza kabisa wa daftari, wa enzi ambapo kila mji ulifuata jua lake. Nairobi inatoka na saa 2 na dakika 27. London inatoka dakika moja nyuma ya Greenwich. Maelezo ya maktaba yenyewe yanasema utumie localize badala yake, lakini anayesoma maelezo ni nani kabla hajakwama? Ukiona ratiba ya Afrika Mashariki imekwenda kombo kwa dakika thelathini na tatu, usitafute zaidi. Ni jua la Nairobi la kabla ya mwaka 1908.

Hadi hapo tumepata 17:00 ya Dar, na ubao wa Mbagala hauandikwi 17:00. Hapa ndipo kazi iliponichukua muda mrefu kuliko nilivyotarajia, na ndipo nilipoipenda. Saa yetu huanza kuhesabiwa jua linapochomoza, kwa hiyo kuna saa sita za kurekebisha:

    saa = (nyumbani.hour + 6) % 12 or 12

Wengine huandika kutoa sita badala ya kujumlisha. Katika Python ni sawa, kwa sababu baki la namba hasi hutoka chanya. Ukiihamishia JavaScript au PHP, saa tisa usiku itakuwa hasi tatu. Jumlisha, uwe salama popote. Ile "or 12" ya mwisho ni ya saa kumi na mbili, ambayo hesabu ingeiita sifuri, na hakuna mtu aliyewahi kuambiwa aje saa sifuri jioni.

Neno linalofuata saa halina hesabu, lina masikio. Saa nne ni asubuhi au usiku, hilo halina ubishi. Lakini 16:00 ni saa kumi jioni au saa kumi alasiri? Nimesikia zote, na mwenyewe husema alasiri. Kwa ubao nilichagua jioni, kwa kuwa ndivyo mpwa wangu asemavyo na wateja ni wake. Saa 18:00 ni jioni, 19:00 ni usiku, na 6:00 nimeiweka asubuhi, si alfajiri.

Siku nazo zilinisimamisha. Python huiita Jumatatu sifuri. Kwetu jina lenyewe linasema ni ya tatu, kwa kuwa hesabu ya Kiswahili huanza Jumamosi, na ikifika Alhamisi tano inarudi kwa mara ya pili, safari hii kwa Kiarabu. Nilitaka kutumia %A ya strftime, lakini majina hayo hutegemea lugha iliyowekwa kwenye seva, na seva nyingi hazina Kiswahili. Niliandika orodha yangu mwenyewe ya siku saba na miezi kumi na miwili. Mistari miwili, na haitegemei mtu.

Usiku ulihitaji fikra zaidi. Tarehe 21 Septemba 2024 Anthony Joshua na Daniel Dubois walipigana Wembley, Jumamosi usiku. Tuseme kengele inalia saa 22:30 za London. Dar ni 00:30, tarehe imeshageuka, na programu itaandika Jumapili saa 6:30 usiku. Mteja akisoma hivyo atakuja Jumapili baada ya chakula cha usiku, akute viti vimepangwa juu ya meza. Kiswahili kina dawa yake na magazeti huitumia kila siku: usiku wa kuamkia Jumapili. Sasa mechi yoyote inayoangukia kati ya saa sita usiku na saa kumi alfajiri inaandikwa hivyo, na jina la siku halihitaji kubadilishwa.

Jambo moja zaidi, kwa wanaopenda kuonyesha saa zilizobaki. Ukitoa tarehe mbili zenye kanda ileile, Python hutoa tarakimu za ukutani tu. Kutoka saa 15:00 ya Jumamosi 29 Machi 2025 hadi saa 15:00 ya kesho yake, zote za London, itakuambia saa 24. Zilikuwa 23, kwa kuwa usiku ule moja ilirukwa. Zibadili zote kwenda UTC kwanza, ndipo utoe.

Mtihani ulikuja mwaka 2025, na ulikuwa uleule. Fainali ya Carabao, Newcastle na Liverpool, 16 Machi, saa 16:30 za London. Fainali ya FA, Crystal Palace na Manchester City, 17 Mei, saa 16:30 za London. Machi ujumbe ulisema Jumapili, saa 1:30 usiku. Mei ulisema Jumamosi, saa 12:30 jioni. Mpwa wangu alinipigia kuuliza kama nina hakika na hiyo ya pili. Nikamwambia aandike. Eberechi Eze alipofunga dakika ya kumi na sita, simu ilikuwa bado wazi, na nilisikia Mbagala ikipiga kelele pamoja na Wembley.