Sumu au Homoni?

Anayeeleza kwa Kiswahili majaribio ya kuvimbisha kongosho la wanyama huvutwa upesi na neno “sumu”. Seruleini yatoka katika ngozi ya chura wa Australia. Panya akidungwa kwa wingi, kongosho lake huvimba. Hata hivyo neno hilo lapotosha. Muundo uliotangazwa mwaka 1967 na Erspamer na wenzake waonyesha kwamba asidi amino zake tano za mwisho ni zile zile za kolesistokinini, homoni ya utumbo. Kwa kiasi kidogo huliamuru kongosho litoe vimeng’enya. Kikizidi, vimeng’enya hufungiwa ndani ya chembe, vikaanza kuila.

Umbo ndilo liamualo. Tairosini ikiondolewa salfeti, nguvu hupungua sana. Nayo JMV-180, kifani cha homoni hiyo kilichobadilishwa mwisho, huliamsha kongosho la panya mkubwa bila kulivimbisha.

Mgonjwa wa Kurasini, ambaye huenda kongosho lake limevimbishwa na vijiwe vya nyongo au pombe, akisoma “sumu” atamtafuta aliyemlisha. Afadhali “kichocheo kilichozidi”: ni refu, lakini halimsingizii jirani.