Weusi Usiotafutwa kwa Nguvu

Mpe mtoto penseli ya shule umwambie achore usiku. Ataikandamiza mpaka karatasi ibonyee na ncha ikatike, na usiku wake bado utakuwa wa kijivu. Bidii anayo. Alichokosa ni penseli ya pili.

Penseli aliyopewa, ambayo kwa kawaida huwa HB, inafaa kuandikia: ngumu kiasi cha kushika ncha, laini kiasi cha kusomeka. Weusi wake una mwisho, na mkono haupati nguvu ya kuuvusha mwisho huo. Sanaa ya kuchora kwa penseli, ambayo naipenda kuliko kazi nyingine yoyote ya mkono, huanza pale mtu anapoukubali ukweli huu na kuacha kushindana na karatasi.

Kinachoacha alama ni kinywe, madini yaleyale yaliyomo ardhini kule Mahenge, Tanzania. Ni kaboni iliyojipanga tabaka juu ya tabaka, tena tabaka zilizoshikana kwa ulegevu, hivyo vinyweleo vya karatasi huzibandua kwa mguso tu. Katika karne ya 16 Waingereza walikuta kinywe safi mno huko Borrowdale, kilichoweza kukatwa kwa msumeno kikawa vijiti vya kuandikia. Kilithaminiwa hata Bunge lao likatunga sheria mwaka 1752 ya kuwaadhibu walioiba machimboni. Vita vilipoikatia Ufaransa bidhaa hiyo, Mfaransa Nicolas-Jacques Conté alichukua kinywe hafifu, akakisaga, akakichanganya na udongo wa mfinyanzi, kisha akakichoma tanuruni kama chungu. Alipata hataza yake mwaka 1795. Dhiki ile ilizaa uhuru mkubwa kwa wachoraji, kwa kuwa udongo ukizidi, penseli huwa ngumu na hafifu. Kinywe kikizidi, huwa laini na nyeusi. Kuanzia hapo weusi ukawa jambo la kuchagua.

Herufi zilizopigwa chapa kwenye penseli hutangaza mchanganyiko huo. H ni ya ugumu, B ni ya weusi, na namba ikipanda sifa hiyo nayo inapanda. HB hukaa katikati, na F iko kati yake na H. Anayeanza hana haja ya sanduku zima. 2H, HB, 2B, 4B na 6B zinamtosha kwa muda mrefu. 2H hupiga mistari ya mwanzo, ile myepesi inayofutika bila kovu, na vivuli vyembamba vya anga au vya shavu. HB na 2B hubeba sehemu kubwa ya kazi. 4B na 6B husubiri pembe za giza: ndani ya pua, chini ya kidevu, mzizi wa nywele. Kumbuka pia kwamba viwanda havilingani. 2B ya kampuni moja yaweza kukaribia 4B ya nyingine. Kwa hiyo kila mchoraji huzijua penseli zake kwa kuzijaribu: huchora visanduku kwa safu, kutoka weupe wa karatasi hadi weusi wa mwisho, mpaka mkono ujue kila moja inaishia wapi.

Mkono nao una adabu zake. Penseli ikishikwa karibu na ncha, kama ya mwandishi, vidole ndivyo vinavyofanya kazi na mstari huwa mfupi. Ikilazwa chini ya kiganja, bega na kiwiko huingia kazini, na ubavu wa ncha hufunika eneo pana kwa kivuli laini. Kivuli hujengwa tabaka kwa tabaka: mistari sambamba kwanza, mingine ikiikatiza, kisha mingine tena, mkono ukiwa mwepesi wakati wote. Kidole kisitumike kusugua, maana mafuta ya ngozi huacha madoa yasiyofutika vizuri. Kijiti cha karatasi iliyosokotwa hufanya kazi hiyo kwa usafi. Wala usikandamize mapema. Karatasi iliyobonyea haipokei tena tabaka nyingine, na kinywe kilichoshindiliwa hung'aa kama bati, hivyo pale ulipotaka giza patarudisha mwanga.

Yote haya yanaweza kujifunzwa kwa yai moja jeupe kando ya dirisha. Upande wa dirisha unang'aa, kisha kivuli kinaingia polepole. Giza kuu la yai halipo ukingoni bali kabla yake, kwa sababu ukingo huokota mwanga unaorudishwa na meza. Chini kabisa, yai linapogusa meza, pana ufa mwembamba mweusi unaodai 6B. Na ile nuru ya juu haina penseli. Ni karatasi yenyewe, iliyolindwa tangu mstari wa kwanza. Mchoraji wa rangi anaweza kuongeza weupe mwishoni. Wa penseli hana budi kuamua mapema ni wapi hatagusa.

Wapo wanaoiona penseli kuwa matayarisho tu ya rangi. Hata mchoraji Mfaransa Jean-Auguste-Dominique Ingres aliiona michoro yake ya penseli kuwa duni kuliko picha zake za rangi. Akiwa Roma, baada ya utawala wa Napoleon kuanguka, alijipatia riziki kwa kuwachora wageni kwa penseli, huku akitamani kujulikana kwa picha kubwa za historia. Lakini itazame picha yake ya penseli ya mpiga fidla Paganini ya mwaka 1819. Uso umejengwa kwa vivuli vyepesi vya uangalifu mkubwa, na koti limeachiwa mistari michache ya haraka, nalo halikupungukiwa na kitu. Alijua pa kuweka kazi na pa kuiacha. Leo michoro ile aliyoiona ya kujikimu inapendwa na wengi kuliko picha zake nyingi za rangi.

Ndiyo maana nawaomba wazazi na walimu: mtoto anayependa kuchora aongezewe 2H na 4B kando ya ile HB yake. Ni vitu vya bei ndogo, lakini vitamfundisha mapema kwamba mkono ukichoka kukandamiza, aghalabu dawa yake ni kubadilisha penseli.