Viatu vya López, Mizani za Vinesh

Kwanza aliketi chini. Mtu wa uzani wa kilo 130, mwenye miaka 41, ambaye dakika chache nyuma alikuwa amepata dhahabu yake ya tano ya Olimpiki, aliketi katikati ya mkeka kama mtu aliyefika barazani kwake jioni. Akalegeza kamba, akavua kiatu kimoja, kisha cha pili, akaviacha pale pale katikati ya duara. Akaondoka bila viatu.

Ilikuwa tarehe 6 Agosti 2024, katika ukumbi wa Champ-de-Mars jijini Paris. Mtu huyo ni Mijaín López wa Cuba. Alishinda Beijing mwaka 2008, London 2012, Rio 2016, Tokyo 2021, na sasa Paris. Hakuna mwanamichezo mwingine, wa mchezo wowote, aliyewahi kushinda dhahabu tano mfululizo katika shindano lile lile la mtu mmoja mmoja. Fainali yenyewe ilimkutanisha na Yasmani Acosta, mzaliwa wa Cuba anayeiwakilisha Chile, ambaye zamani alifanya naye mazoezi. Iliisha 6–0. Mimi hurudia zaidi kile kilichofuata baada ya filimbi.

Miongoni mwa wanamieleka, viatu vikiachwa mkekani vina maana moja: sirudi tena. Kiswahili kinalo neno la tendo hilo. Mtu anayeacha cheo au kazi tunasema amebwaga manyanga, kama mchezaji ngoma aliyechoka akayaachia manyanga yake chini. Na kubwaga ni neno la mieleka hasa. Mpinzani hubwagwa. Mzigo hubwagwa. Mtu mwenye wasiwasi huambiwa abwage moyo. Washairi nao, mstari unaorudi mwisho wa kila ubeti, ule ambao wasikilizaji huupokea kwa sauti moja, wameuita kibwagizo. Sijui mchezo mwingine ambao lugha yetu imeuandalia msamiati wake wa uhakiki kwa ukarimu kiasi hiki, na ndiyo maana nataka kuisoma jioni ile ya Paris kama shairi. Silisemi hili kama sifa ya kupamba. Mieleka ya ridhaa ni utungo wenye umbo maalumu, na umbo hilo linasomeka.

Wengi wetu tukisikia mieleka tunakumbuka ile ya televisheni, yenye ulingo wa kamba na mikanda inayong'aa, ambayo mwisho wake huamuliwa kabla. Ile ni maigizo, na ina ufundi wake. Hii ninayoisemea haina kamba. Ina mkeka wenye duara la kipenyo cha mita 9, watu wawili, mmoja amevaa nyekundu na mwingine buluu, na raundi mbili za dakika tatu zenye mapumziko ya sekunde thelathini katikati. Anayelijua shairi la mizani kumi na sita ataliona umbo mara moja: ukwapi wa mizani nane, pumzi fupi, utao wa mizani nane. Pointi za raundi ya kwanza hazifutwi, hubebwa hadi ya pili, kama vile wazo lililoanzia kwenye ukwapi linavyodai jibu kwenye utao. Kisha kuna ndani ya mstari. Katika mtindo wa Kigiriki na Kirumi, ule wa López, ni marufuku kushika chini ya kiuno, na ni marufuku kutumia miguu kumwangusha mwenzako. Nusu ya mwili imeondolewa kwenye kamusi. Kinachobaki ni kifua, mikono, shingo na kiuno, na kwa maneno hayo machache mtu anatakiwa aseme kila kitu.

Upo pia mtindo unaoitwa huru. Jina hilo lisitudanganye. Uhuru wake ni wa kushika miguu tu. Duara ni lile lile, dakika ni zile zile, na mabega mawili yakigusa mkeka na kushikiliwa hapo mchezo umekwisha, hata kama ulikuwa unaongoza. Sisi tuliokulia kwenye mabishano ya vina na mizani tunaijua hali hii. Sheikh Amri Abedi alipotoa kitabu chake cha sheria za kutunga mashairi mwaka 1954, alikuwa akichora duara. Mshairi Kezilahabi alipotoa diwani yake Kichomi mwaka 1974 alitoka nje ya duara hilo, lakini anayelisoma shairi lake huru kwa makini hukuta nidhamu nyingine imeshika mahali pa ile ya kwanza.

Na kila pambano la mieleka, katika mitindo yote, lina kibwagizo chake. Mwamuzi husimama katikati akiwa ameshika vifundo vya mikono ya wote wawili, kisha huinua mkono mmoja. Wapinzani hupeana mikono. Kila mmoja huenda kwenye kona ya mwenzake akampa mkono kocha aliyekuwa akipanga jinsi ya kumwangusha. Desturi hii ndiyo iliyonifanya niupende mchezo huu. Inarudi ile ile katika pambano la mchujo saa tatu asubuhi ukumbi ukiwa nusu tupu, na inarudi ile ile kwenye fainali. Aliyeshindwa kwa sekunde moja anaiimba sawa na aliyeshindwa tangu mwanzo.

Viatu vinaubadilisha mstari huo. Washairi wanajua tofauti: mstari wa mwisho ukirudi ni kibwagizo, ukiwa mpya ni kiishio. López alikuwa ameimba kibwagizo kwa zaidi ya miaka ishirini. Jioni ile aliketi akatunga kiishio. Tazama pia namna alivyokitunga. Katika mchezo ambao kila tendo ni kuinua na kutupa, kusukuma na kuzungusha, tendo lake la mwisho lilikuwa kuweka kitu chini polepole kwa vidole. Hakubwaga. Aliweka. Mikono iliyowageuza hewani watu wa kilo 130 ilikuwa inahangaika na fundo la kamba ya kiatu, na dunia nzima ikamngoja amalize.

Hakuwa wa kwanza. Rulon Gardner wa Marekani aliviacha vyake Athens mwaka 2004 baada ya kupata shaba, akilia waziwazi. Huyu ndiye aliyemshinda Aleksandr Karelin wa Urusi katika fainali ya Sydney mwaka 2000, Karelin ambaye kwa miaka 13 hakuwa amepoteza pambano la kimataifa. Matokeo yalikuwa 1–0, na pointi yenyewe haikutokana na mtupo. Sheria ya wakati ule ilitaka raundi ya kwanza ikiisha bila pointi, ya pili ianze kwa kukumbatiana, na anayeachia mikono kwanza humpa mpinzani pointi. Vidole vya Karelin vikaachana. Waamuzi walilazimika kurudia picha za video ndipo wakaona. Utukufu wa miaka 13 ukatoka kupitia nafasi kati ya vidole, na ukimwonyesha mtu asiyeujua mchezo ataapa kwamba hakuna kilichotokea. Umbo linalobana kiasi hiki hufanya kitu kidogo kiwe kikubwa.

Sasa nirudi Paris, siku ile ile ya tarehe 6, ukumbi ule ule, saa chache kabla López hajaketi chini. Vinesh Phogat wa India aliingia mkekani katika uzani wa kilo 50, mtindo huru, kupambana na Yui Susaki wa Japani. Susaki alikuwa bingwa wa Olimpiki. Tokyo alitwaa dhahabu bila kuruhusu pointi hata moja, na hakuwa amewahi kushindwa na mtu wa nje ya Japani. Vinesh alikuwa ametoka mbali. Rio mwaka 2016 alitolewa kwa machela, goti limeumia. Mwaka 2023 alikaa barabarani mjini Delhi na wenzake wakidai aliyekuwa mkuu wa shirikisho lao achunguzwe kwa tuhuma za kuwanyanyasa kijinsia wanamieleka wa kike. Katika michezo ya Tokyo alishindana katika kilo 53; safari hii ilimbidi ashuke.

Lisome pambano hilo taratibu. Kwa zaidi ya dakika tano Vinesh hatungi chochote. Anazuia. Mkono kwenye bega la Susaki, kichwa chini, makalio nyuma, miguu mbali. Mwamuzi anamwonya kwa kutoshambulia, anapewa sekunde thelathini, hapati kitu, Susaki anapewa pointi. Raundi ya pili inajirudia: 0–2. Mtazamaji asiye na subira angesema mwanamke huyu amekuja kupoteza kwa heshima. Mimi nasema alikuwa anahesabu mizani. Pointi mbili za Susaki zilikuwa za moja moja, na kwa sheria, pointi zikilingana, mwenye tendo lenye thamani kubwa zaidi ndiye mshindi. Kumwangusha mtu kuna thamani ya pointi mbili. Kwa hiyo Vinesh hakuwa na deni la pointi tatu, wala hakuwa na haja ya muda mrefu. Alihitaji tendo moja, na alihitaji litokee wakati ambao Susaki hatakuwa na nafasi ya kulijibu.

Zikiwa zimebaki sekunde kama kumi, alilifanya. Aliingia, akamshusha Susaki: 2–2, naye mbele. Kona ya Japani ikakata rufaa ya video, ikashindwa, na rufaa inayoshindwa humpa mpinzani pointi: 3–2. Susaki alibaki pale pale mkekani kama mtu aliyesomewa mstari asioutambua katika shairi alilolihifadhi moyoni. Wapo mabingwa wa mashairi wanaoficha fumbo hadi mizani ya mwisho ya utao wa mwisho. Nimesoma mengi ya namna hiyo. Sijawahi kuliona likitendwa na mwili.

Siku hiyo hiyo Vinesh alimshinda Oksana Livach wa Ukraine 7–5, kisha jioni akamshinda Yusneylis Guzmán wa Cuba 5–0. Fainali ilikuwa kesho yake dhidi ya Sarah Hildebrandt wa Marekani. Na kesho yake, kwa kanuni zilizoanza kutumika mwaka 2018, kila aliyefika fainali hupimwa tena asubuhi.

Mizani. Neno letu ni lile lile, la sokoni na la ushairi. Usiku kucha walijaribu kumpunguza. Hakulala, alitoka jasho, hata nywele zilikatwa. Mshairi ambaye mstari umemzidi hufanya inkisari: huikata "nimekuja" iwe "mekuja", huitoa silabi moja na maana ikabaki. Mwanamieleka huukata mwili wake. Vinesh alikuwa ameshafanya inkisari ya kilo tatu kuanzia kilo 53, na baada ya mapambano matatu mwili ulikuwa umedai maji na chakula chake. Asubuhi ya tarehe 7 mizani ilisoma gramu 100 zaidi ya kilo 50. Ni maji yasiyofika nusu ya glasi. Aliondolewa, na akaandikwa wa mwisho katika orodha ya uzani wake.

Nimesikia hoja ya wanaoitetea kanuni hiyo na ninaiheshimu. Uzani ni ahadi kwa mpinzani. Mstari wenye mizani kumi na saba hauwi wa kumi na sita kwa sababu mtunzi wake ametaabika, na shairi la namna hiyo wazee wetu waliliita guni bila kumtazama mtunzi usoni. Kama Vinesh hakutimiza uzani asubuhi ile, asipigane asubuhi ile. Hapo sina neno.

Lakini kanuni haikuishia kwenye fainali. Ilirudi nyuma ikafuta beti tatu za jana. Na hapa kanuni inakwenda kinyume na umbo lenyewe. Sheria moja ya ushairi wetu ni kwamba kila ubeti ujitosheleze: usimame peke yake, utimize maana yake. Tarehe 6 Vinesh alipimwa, akatosha, akapigana mara tatu, akapeana mikono na wapinzani watatu na makocha watatu. Kila ubeti ulikamilika kwa kibwagizo chake. Ubeti wa nne ukiwa guni, unaukataa ubeti wa nne. Huendi kumwambia msikilizaji kwamba ule wa kwanza, aliokwisha kuuitikia kwa sauti yake mwenyewe, haukuimbwa.

Na kwa kweli haukufutika. Guzmán, aliyefungwa na Vinesh, ndiye aliyechukua nafasi yake kwenye fainali, akapata fedha. Susaki alirudishwa mashindanoni kwa sababu aliyemwangusha alikuwa amefika fainali, akaishia na shaba. Medali mbili za uzani ule zina alama ya mikono ya mwanamke ambaye karatasi inasema alikuwa wa mwisho. Mahakama ya usuluhishi wa michezo iliitupa rufaa yake tarehe 14 Agosti.

Alitangaza kustaafu tarehe 8, mashindano yakiwa bado yanaendelea. Alifanya hivyo kwa maandishi mafupi mtandaoni, yaliyoanza kwa kumwita mama yake, akisema kwamba hana nguvu zaidi. Mkeka wa Champ-de-Mars ulikuwa pale pale, umbali wa safari fupi ya gari, na wengine walikuwa wakipigana juu yake. Yeye hakuruhusiwa kuukanyaga, kwa hiyo hakukuwa na mahali pa kuketi alegeze kamba.