Kioo Kinachopepesa

Tulipokuwa shuleni tulifundishwa kuhakiki riwaya, tamthilia na mashairi. Waliokwenda mbele zaidi walihakiki hotuba na barua za watu mashuhuri. Sikumbuki mwalimu yeyote aliyetutajia taarifa ya hitilafu, yaani ile barua fupi ambayo mtumiaji wa chombo humwandikia mtengenezaji kumweleza kwamba chombo kina kasoro. Pengine ni kwa sababu barua za namna hiyo hazimpi mtu jina. Lakini mimi naona ni maandishi magumu kuliko mengi tunayoyasifu. Aliyeandika ameona jambo kwa macho yake. Atakayesoma yuko mbali na hakuliona. Na baina yao hakuna kitu ila maneno. Maneno yakienda kombo, kasoro hubaki pale pale na aliyeiona huhesabiwa mlalamishi.

Hapa nitahakiki taarifa mbili na jibu moja. Zote zinahusu kihariri kimoja ambacho sitakitaja, kwa kuwa watu wake hufanya kazi ya kujitolea na wengi wao ni waungwana.

Kihariri ni programu ya kuandikia na kusahihishia maandishi. Hicho ninachokizungumzia hakina picha wala mapambo. Hufanya kazi ndani ya terminali, dirisha la herufi tupu, kwa kawaida mistari 24, kila mstari nafasi 80. Vijana hukicheka. Lakini kwa sisi tulio Tabora, ambao miswada tunayoisahihisha imehifadhiwa katika kompyuta iliyoko Ulaya, kihariri cha aina hii ni rafiki mwema. Herufi ni mzigo mwepesi, hupita hata pale ambapo picha zingekwama njiani.

Hitilafu yenyewe ilikuwa hivi. Kila tulipobonyeza kitufe, hata cha kuongeza herufi moja tu, kioo kizima kilizimika kikawa cheusi, kisha maandishi yakarejea mstari kwa mstari kutoka juu hadi chini. Anayeandika sentensi ya herufi 60 hupepeswa mara 60. Baada ya saa moja macho huuma. Baya zaidi, msahihishaji hupotewa na mahali alipokuwa, na koma iliyowekwa pasipo pake humpita. Kwa kazi yetu hiyo si hasara ndogo, maana tunalipwa kwa ajili ya hizo koma.

Taarifa ya kwanza iliandikwa na kijana ninayefanya naye kazi. Ilikuwa ndefu, ukurasa mmoja na nusu, na ina hasira nzuri ndani yake. Alieleza kwamba kihariri kinapepesa kwa sababu ya rangi wanazozipaka maneno, kwamba rangi hizo ziondolewe, na kwamba wanaotengeneza vitu hivi hawafikirii kabisa kuwa kuna watu Afrika. Jibu lilirudi baada ya siku mbili, nalo lilikuwa la sentensi mbili: kwamba huko kwao hakipepesi, na kwamba njia yetu ya mawasiliano ni ya polepole. Faili likafungwa.

Msomaji atamwonea kijana huruma na kuwakasirikia wale mabwana. Mimi nasema kwamba maandishi yale mawili ni ndugu wa tumbo moja. Yote mawili yanataja sababu, na hakuna hata moja linalotaja kilichoonekana. Soma ukurasa ule na nusu kutoka mwanzo hadi mwisho: hakuna mahali palipoandikwa kwamba kioo huzimika chote, wala ni toleo gani la kihariri, wala ni terminali ipi, wala ni kitufe kipi kilichobonyezwa. Na aliyejibu hakuuliza. Alitazama kioo chake, akakiona kimetulia, akakihukumu chetu. Huyu alikuwa na rangi, yule alikuwa na njia ya polepole, na kila mmoja aliishika sababu yake kama mkongojo.

Mji huu umewahi kuona ugomvi wa namna hii, tena mkubwa kuliko wetu. Richard Burton na John Hanning Speke walifika hapa tarehe 7 Novemba 1857, siku 134 tangu watoke pwani, wakiuita mji huu Kazeh. Mwenyeji wao mmoja, mfanyabiashara Mwarabu aitwaye Snay bin Amir, aliwaambia kwamba mbali na ziwa la Ujiji liko jingine upande wa kaskazini, nalo ni kubwa zaidi. Walikwenda Ujiji wakarudi. Mwezi Julai 1858 Burton alibaki Kazeh, naye Speke akaenda kaskazini pamoja na Sidi Mubarak Bombay. Tarehe 3 Agosti aliliona ziwa kule Mwanza. Alikaa siku chache tu, na mwishoni mwa mwezi alikuwa amerudi Kazeh akimwambia mwenzake kwamba amekiona chanzo cha mto Nile. Burton alikataa, na urafiki wao haukupona tena.

Tuisome habari ya Speke kama tunavyosoma taarifa ya hitilafu. Alichokiona ni maji mengi, tena kwenye ncha ya kusini tu. Alichokitangaza ni Nile. Baina ya viwili hivyo kulikuwa na mamia ya kilomita ambazo hakuzikanyaga. Najua nitaambiwa kwamba baadaye alionekana kuwa amesema kweli: mwaka 1862 alifika mahali maji yanapotoka ziwani, karibu na Jinja ya leo, na mwaka 1875 Stanley alilizunguka ziwa zima. Ni sawa. Lakini ukweli uliothibitishwa mwaka 1875 hauifanyi taarifa ya mwaka 1858 kuwa nzuri. Mwanafunzi aliyepata jibu sahihi bila kuonyesha njia hapewi alama zote.

Wala Burton hakuwa bora. Baadaye alishikilia kwamba huenda Tanganyika ndilo linaloilisha Nile kupitia mto Rusizi, ingawa yeye mwenyewe alipokuwa Uvira mwaka 1858 aliambiwa na wenyeji kwamba Rusizi huingia ziwani, hautoki. Taarifa ya watu waliouona mto kila siku aliipata mkononi, akaja kuiweka kando alipohitaji hoja. Mabishano juu ya mto huo yalikwisha Novemba 1871, pale Livingstone na Stanley walipopanda mtumbwi kutoka Ujiji hadi mwisho wa ziwa kaskazini na kutazama maji yanakwenda upande gani. Yalikuwa yanaingia. Februari iliyofuata walikuwa Kwihara, mwendo mfupi kutoka hapa mjini, katika tembe ambalo leo ni makumbusho. (Livingstone mwenyewe, baada ya kuuona Rusizi, aliendelea kuamini kwamba Lualaba ndio Nile mpaka alipofariki mwaka 1873. Maradhi haya hayaponi kwa dawa ya siku moja.)

Taarifa yetu ya pili tuliiandika kwa njia ya Rusizi. Kuna programu ndogo iitwayo script, ambayo huandika katika faili kila kitu kinachotumwa kwenye terminali, pamoja na zile amri ambazo jicho halizioni. Amri hizo huanza na alama maalumu iitwayo Escape, alama hiyo ikifuatwa na [2J, maana yake ni kufuta kioo chote. Tulifungua mswada, tukabonyeza herufi moja, tukatoka, kisha tukasoma faili. Kwa herufi ile moja kihariri kilikuwa kimetuma amri ya kufuta kila kitu, halafu mistari yote 24 upya, kana kwamba hatujawahi kuiona.

Hatukuishia hapo. Kijana alizima rangi zote, akarudia. Kioo kilipepesa vilevile, na amri ya kufuta ilikuwa pale pale. Kisha tulikiweka kihariri kilekile katika kompyuta iliyo mezani, pasipo njia yoyote ya mbali. Faili lilikuwa na amri zilezile kwa mpangilio uleule, lakini jicho halikuona kitu, maana kioo cha kawaida huchorwa upya mara 60 kwa sekunde, na kufuta na kuandika vyote vilikwisha kabla ya mchoro mmoja kupita. Mwisho tulijaribu kihariri kingine cha zamani kupitia njia ileile ya kwenda Ulaya. Kilituma herufi na amri chache za kusogeza kishale. Kioo kilitulia.

Kwa hiyo kasoro ilikuwa Ulaya vilevile, ila huko ilipita upesi mno isionekane. Njia yetu ya polepole haikuwa mkosaji, ilikuwa shahidi. Herufi huja zikifuatana mmoja mmoja kama wapagazi wa msafara. Mwenye ghala akitoa nje mizigo yote ya zamani kabla mpagazi wa kwanza hajafika, ghala litakaa tupu mpaka wa mwisho atakapoingia. Wapagazi wakija mbio, mpita njia hatajua kwamba lilikuwa tupu. Wakija kwa mwendo wa kawaida, atajua. Lakini aliyelifanya tupu si wao.

Hapa ndipo ninapokuwa na neno na wale waliolifunga faili. Elimu ya jambo hili si mpya. Bill Joy alipotengeneza kihariri cha vi mwaka 1976, Chuo Kikuu cha California, Berkeley, alikuwa akifanya kazi kutoka nyumbani kwa modemu ya baud 300, yaani herufi 30 hivi kwa sekunde. Kujaza kioo cha nafasi 1,920 kwa njia hiyo huchukua zaidi ya dakika moja. Hakuwa na budi kutuma kilichobadilika tu. Ken Arnold alizitumia mbinu za vi kutengeneza maktaba ya programu iitwayo curses, ambayo huweka picha mbili, ya kioo kilivyo na ya kioo kinavyotakiwa kuwa, ikazilinganisha na kutuma tofauti peke yake. Watu hao walikuwa katika hali yetu, na hali hiyo iliwafundisha. Aliyekulia kwenye njia pana hakupata mwalimu.

Wala si kweli, kama alivyoandika kijana, kwamba watu wa fani hii hawakuwahi kufikiria Afrika. Bram Moolenaar, Mholanzi aliyeitoa Vim mwaka 1991 na kufariki mwaka 2023, alifanya kazi Kibaale, kusini mwa Uganda, katikati ya miaka ya 1990, na kwa miaka mingi programu yake ilipofunguliwa ilimwomba mtumiaji awasaidie watoto wa huko.

Taarifa ya pili ilikuwa nusu ukurasa. Toleo, terminali, kitufe, kilichoonekana, kilichorekodiwa, na majaribio matatu. Sababu iliwekwa mstari wa mwisho, peke yake, ikitanguliwa na neno “tunadhani”. Faili lilifunguliwa tena siku ileile. Wiki chache baadaye lilitoka toleo lisilofuta kioo: huandika juu ya maandishi ya zamani na kufuta mkia wa mstari tu. Aidha, hukusanya kila kitu kwanza, na hutanguliza alama inayoiomba terminali isionyeshe chochote mpaka picha ikamilike. Terminali isiyoijua alama hiyo huipuuza bila madhara.

Kioo sasa kimetulia, isipokuwa mstari wa chini kabisa unaoonyesha idadi ya maneno, ambao bado huandikwa wote upya kila baada ya herufi. Kijana amekwisha kuurekodi. Jana aliniletea rasimu ya taarifa ya tatu niipitie, nami nimekata sentensi yake ya kwanza, iliyoanza na “Kwa sababu”.